Dereva, Amana na Mashine: Suala la Kutegemea katika Mteremko wa Muze

Katika taaluma ya uhandisi wa magari, suala la dereva kuamini mifumo ya usaidizi, yaani vifaa vya kielektroniki vinavyopima mwendo, umbali na mwelekeo wa gari na kisha kuonya, kufunga breki au kugeuza usukani kidogo bila kusubiri amri ya dereva, hujadiliwa kwa kawaida kama tatizo la usanifu na la mauzo: dereva hukerwa na milio, huizima mifumo aliyoilipia, na kwa hiyo watengenezaji hutafuta namna ya kumjengea imani. Msimamo wa makala haya ni kwamba imani hiyo, hata ikijengeka barabara, haitatosha kuhalalisha kinachofanywa kwa jina lake, kwa sababu dereva mwenye abiria si mwenye mali anayeamua kuihatarisha mali yake mwenyewe, bali ni mtu aliyepokea maisha ya wengine, na aliyepokea hana uhuru uleule wa kuamini alio nao aliyetoa.

Hoja hii hudhihirika vizuri zaidi mahali ambapo wasanifu wa mifumo hiyo hawakupafikiria. Muze ni kata ya Wilaya ya Sumbawanga iliyo katika Bonde la Ziwa Rukwa, chini ya ukuta wa milima uitwao Lyamba lya Mfipa, na barabara inayoiunganisha na mji wa Sumbawanga hupitia Ntendo, kisha huteremka kwa kona kutoka uwanda wa juu wa Ufipa, ulio katika kimo cha zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hadi kwenye bonde ambalo ziwa lake liko katika mita zipatazo 800. Mpunga na samaki hupanda mlima kwenda sokoni, bidhaa za dukani hushuka, na abiria huenda pande zote mbili, wengine wakiwa juu ya shehena ya Fuso. Magari yanayopita huko, kama yalivyo mengi ya Tanzania, yalinunuliwa kwanza Japani, yakatumika kwa miaka kadhaa na wenyeji wa huko, ndipo yakateremshwa katika Bandari ya Dar es Salaam kama mtumba. Subaru ilianza kuuza mfumo wake wa kamera mbili uitwao EyeSight nchini Japani mwaka 2008, na Toyota ikaanza kuweka kifurushi chake cha Toyota Safety Sense katika magari ya kawaida mwaka 2015. Ndiyo maana sasa gari la mtumba lenye umri wa miaka minane au kumi hufika likiwa na macho yake nyuma ya kioo cha mbele, awe mnunuzi aliyaomba au hakuyaomba. Mara nyingi hakuyaomba.

Ni vyema kutaja mapema kwamba mifumo inayozungumzwa hapa si gari linalojiendesha. Tangu mwaka 2014 wahandisi wamekuwa wakitumia ngazi sita, kuanzia sifuri hadi tano, kuonyesha ni kiasi gani cha kazi ya kuendesha kimechukuliwa na mashine, na karibu vifaa vyote vinavyofika Rukwa havivuki ngazi ya pili, ambayo kwayo mashine inaweza kushika mwendo na usukani kwa wakati mmoja lakini wajibu wa kuangalia barabara hubaki kwa mtu. Ugumu wa kimaadili umejificha papo hapo, katika kugawana kazi bila kugawana wajibu.

Mjadala wa kale uliochimba suala la kumtegemea mwingine kwa undani usiopatikana katika vitabu vingi vya uhandisi ni ule wa Abu Hamid al-Ghazali, mwanazuoni aliyefariki mwaka 1111, katika sehemu ya Ihya Ulum al-Din inayohusu tawakali, yaani hali ya mja kumtegemea Mwenyezi Mungu kwa moyo uliotulia. Ghazali anaanza na jambo la mahakamani: mtu mwenye kesi humkabidhi wakili shauri lake, na moyo wake hautatulia mpaka awe na yakini juu ya mambo manne kwa wakili huyo, kwamba anazijua hila za mpinzani na mahali zilipofichwa, kwamba ana nguvu na uthubutu wa kutenda, kwamba ana ufasaha wa kusema alijualo, na kwamba anamhurumia mteja wake kiasi cha kujali akishinda au akishindwa. Likipungua moja, utulivu hupungua kwa kiasi hicho. Ghazali hakuwa akizungumzia mashine, bali alikuwa akipanda kutoka kwa wakili wa kibinadamu kwenda kwa Mungu, ambaye kwake sifa hizo hazina upungufu. Lakini vigezo vyake vinne vinaweza pia kushushwa chini, na vikishushwa hadi kwenye dashibodi ya gari vinafichua mengi.

Ujuzi ndio wa kwanza, na ndio wenye mengi ya kusemwa. Mfumo wa kuonya gari linapotoka katika njia yake hutambua mistari iliyopakwa rangi barabarani, na pale ambapo barabara ni ya changarawe hakuna mstari wa kutambua, hivyo mfumo hunyamaza, nao ukimya wake hauna tofauti ya kusikika na ukimya wa mfumo ulioridhika kwamba kila kitu ni salama. Kamera iliyo nyuma ya kioo hupimwa kiwandani kwa usahihi mkubwa. Kioo kikipasuliwa na jiwe na kubadilishwa na fundi asiye na vifaa vya kuipima upya, kamera huendelea kuona, ila huona kidogo pembeni ya ukweli. Hata ABS, mfumo wa zamani na uliozoeleka kuliko yote, ambao ulianza kuuzwa katika magari ya kifahari ya Mercedes-Benz mwaka 1978 na ambao kazi yake ni kuzuia magurudumu yasijifunge wakati wa breki kali, una jambo ambalo wenye magari wachache huelezwa: juu ya changarawe legevu, gurudumu lililojifunga hujichimbia na kusukuma lundo la kokoto mbele yake, na lundo hilo husaidia kusimamisha gari, kumbe ABS kwa kuliachia gurudumu lizunguke huliondoa lundo hilo na mara nyingi huongeza umbali wa kusimama. Faida yake ya kumwezesha dereva kukata kona huku akifunga breki inabaki, na ni faida kubwa katika barabara yenye kona. Lakini dereva aliyeambiwa tu kwamba gari lenye ABS husimama haraka amepewa maneno yaliyo kweli kwenye lami iliyolowa na yasiyo kweli mahali anapoishi. Katika istilahi ya Ghazali, mfumo huo ni wakili aliyesomea sheria za nchi nyingine.

Uwezo hauhitaji maneno mengi, kwa kuwa fizikia haina upendeleo. Lori la tani 10 likishuka mita 900 za wima hulazimika kutupa nishati ya takriban megajuli 88, kiasi kinachotosha kuchemsha zaidi ya lita 250 za maji ya kawaida, na nishati hiyo haina pa kwenda ila kwenye breki, kwenye injini au kwenye mwendo. Ndiyo maana madereva wazoefu hushuka na gia nzito na kuiachia injini ishike gari, na ndiyo maana yule anayeweka frii ili kuokoa mafuta huonekana na wenzake kuwa hana akili timamu. Mfumo wa kudhibiti mwendo mteremkoni, uliomo katika baadhi ya magari ya Land Cruiser Prado, hufanya kazi yake kwa kubana na kuachia breki zilezile. Unaweza kuzigawa nguvu kwa ustadi kuliko mguu wa mtu, lakini hauwezi kuongeza uwezo wa chuma kubeba joto.

Ufasaha ni sifa ambayo msomaji angeweza kudhani haina maana kwa mashine, na hapo ndipo Afrika Mashariki ina ushahidi wake wa pekee. Magari mengi ya mtumba huanza safari kwa sauti ya kike inayosema jambo kwa Kijapani, na kwa kawaida ni taarifa kwamba kadi ya kulipia barabara za Japani haijaingizwa, habari isiyo na faida yoyote kwa mtu aliye Ntendo. Dereva huizoea, abiria huicheka, na baada ya muda kila sauti ya gari hilo huhesabiwa kuwa kelele. Madhara yake kwa maarifa ni makubwa kuliko yanavyoonekana, maana ushahidi, kwa maana ya kifalsafa ya taarifa ambayo mtu huipokea kwa kutegemea ukweli wa msemaji, unahitaji msikilizaji atofautishe onyo na gumzo. Mashine inayosema mambo tisa yasiyomhusu dereva imejiondolea haki ya kusikilizwa katika la kumi, hata kama la kumi ndilo linalohusu uhai. Taa ya onyo inayoachwa ikiwaka kwa miezi kwa sababu fundi hana kifaa cha kuizima iko katika hali hiyohiyo.

Kinachobaki ni huruma. Mwanafalsafa Annette Baier, katika makala yake ya mwaka 1986 kuhusu maadili ya kuaminiana, alitofautisha kumwamini mtu na kukitegemea kitu: anayeamini hukubali kuwa dhaifu mbele ya nia njema ya mwingine, na ikiwa nia hiyo haikuwepo huhisi amesalitiwa, ilhali anayetegemea kitu tu, kama vile saa au kamba, kikishindwa huvunjika moyo bila kusalitiwa. Kwa kipimo hiki mfumo wa breki hauwezi kuaminiwa kamwe, kwa kuwa haujali, na usiojali hauwezi kusaliti. Lakini hitimisho hilo likiachwa hapo litakuwa jepesi mno, kwani nyuma ya mfumo wapo watu wanaoweza kujali: aliyeandika programu, aliyeliuza gari bila kutafsiri kitabu chake cha maelezo, fundi aliyebadilisha kioo na kunyamaza, na mwenye gari aliyeagiza safari nyingine kabla breki hazijakaguliwa. Imani ya dereva, kama ipo, inawaelekea hao. Mwanafalsafa Onora O'Neill, katika mihadhara yake ya Reith iliyotangazwa na BBC mwaka 2002, alisisitiza kwamba jamii haipaswi kutafuta imani zaidi kwa jumla, bali imani inayowaangukia wanaostahili na kuwakwepa wasiostahili. Na tofauti hiyo moja inatosha kuonyesha kwa nini lengo la kumjengea dereva imani, bila kuuliza kwanza kama walio nyuma ya mashine wanastahili, ni lengo lenye kasoro tangu mwanzo.

Upande wa Ukristo, ambao katika Ufipa umekita mizizi kupitia wamisionari wa Kanisa Katoliki wajulikanao kama White Fathers, waliofika katika mwambao wa Ziwa Tanganyika mwishoni mwa karne ya 19, umelijadili suala hilo la kutegemea chini ya jina la kumjaribu Mungu. Injili ya Mathayo, katika sura yake ya nne, inasimulia jinsi Yesu alivyotakiwa ajitupe kutoka kilele cha hekalu kwa hoja kwamba malaika watampokea, naye akakataa. Mwanateolojia Thomas wa Akwino, aliyeandika katika karne ya 13, alieleza kwamba mtu humjaribu Mungu pale ambapo, bila kuwa na haja, anaacha kutumia njia za kibinadamu zilizo mkononi mwake na kungoja aokolewe. Na mapokeo ya Kiislamu yanafika palepale kwa habari ya yule aliyemuuliza Mtume kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kutegemea, akaelekezwa afanye yote mawili. Mapokeo yote mawili hayakatazi kutegemea. Yanachokataza ni kutegemea kunakokaa mahali pa tendo.

Mashine, kwa kuwa ni njia ya kibinadamu, ingeonekana kuwa upande wa tendo, yaani upande wa kamba ya ngamia. Hata hivyo, historia yake inaonyesha kwamba hugeuka kwa urahisi kuwa upande wa malaika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 teksi za jiji la Munich nchini Ujerumani zilichunguzwa, baadhi zikiwa na ABS na nyingine bila ABS, na ajali za kundi la kwanza hazikupungua kwa namna ya maana, kwa sababu madereva wake waliielekeza faida waliyopewa kwenye mwendo na breki za ghafla. Mwaka 1982 mwanasaikolojia Gerald Wilde aliitungia hali ya aina hiyo nadharia, akidai kwamba kila mtu ana kiwango cha hatari anachokikubali na kwamba akipunguziwa hatari upande mmoja huirejesha kwa upande mwingine. Nadharia yake imepingwa kwa haki, maana inadai makubwa kuliko ushahidi, na mfumo wa kuzuia gari lisiteleze na kupoteza mwelekeo, uliotoka mwaka 1995, umepunguza ajali za gari moja kwa kiasi kisichobishaniwa sana. Hata hivyo tukio la Munich linatosha kuonyesha kwamba njia moja ya kibinadamu inaweza kuwa kisingizio cha kuziacha nyingine, na dereva anayeacha gia nzito katika mteremko wa Muze kwa sababu gari lake lina kidhibiti cha mwendo hatofautiani kimsingi na yule anayeiacha kwa sababu nyuma ya gari pameandikwa kwamba Mungu ni mwema.

Hapa ndipo nafasi ya abiria inapopaswa kuingia, nayo ndiyo iliyosahauliwa katika mijadala mingi. Fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, ina mlango mzima juu ya amana iliyowekwa kwa mtu ili aitunze, na katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, kanuni ni kwamba aliyewekewa hawezi kuiweka amana hiyo kwa mtu mwingine bila idhini ya mwenyewe, hata kama huyo mwingine ni mwaminifu kuliko yeye. Uaminifu wa mpokeaji wa pili si hoja, kwa sababu mwenye mali hakumchagua. Hata hivyo an-Nawawi, mwanazuoni wa karne ya 13 ambaye kitabu chake cha Minhaj kilikuwa msingi wa masomo ya fikihi katika pwani yote ya Waswahili, anaongeza jambo lenye hekima ya vitendo: mtunzaji anaruhusiwa kutumia msaidizi wa kuibeba amana mpaka mahali pa kuihifadhi, mradi mkono wake mwenyewe haujaondoka juu yake. Ni vigumu kupata ufafanuzi bora kuliko huo wa mpaka kati ya usaidizi na makabidhiano.

Wafipa nao wana simulizi lao la kale juu ya amana iliyotoka mkononi. Katika masimulizi ya asili ya utawala wa Ufipa, ambayo mwanaanthropolojia Roy Willis aliyachapisha kutokana na utafiti wake wa miaka ya 1960, mtawala wa Milansi, makao ya kale ya utawala huo, alipokwenda kuwinda alimwonya mkewe asiwape wageni kiti cha utawala. Wanawake wageni wakaja, kiti kikatolewa, na mtawala aliporudi akakuta madaraka ya nchi yamehamia kwa ukoo wa Watwa, huku Milansi ikibakiwa na heshima ya mambo ya ibada. Simulizi hilo kwa kawaida husomwa kama maelezo ya kisiasa juu ya koo mbili, na usomaji huo ni sahihi. Lakini lina pia swali la kimaadili ambalo halipati jibu ndani yake, kama aliyeachiwa kiti alikuwa na madaraka ya kuamua nani akikalie. Sheria za barabarani zimelijibu swali linalofanana na hilo kwa muda mrefu. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani uliagiza kila gari liwe na dereva na dereva awe na udhibiti wa gari wakati wote, mpaka marekebisho ya mwaka 2016 yalipotoa nafasi kwa mifumo inayoweza kuzimwa na dereva. Na Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 inamtambua dereva, haimtambui msaidizi wake wa kielektroniki.

  

Pingamizi zito dhidi ya hoja ya amana ni kwamba mkono wa mtu ni dhaifu: husinzia, huchoka, hukasirika, na abiria mwenye akili angependelea mashine isiyosinzia kuliko mtunzaji aliyelala. Fikihi ina jibu lake kwa hilo, kwani kanuni ya kutoikabidhi amana ina mwanya wa dharura: nyumba ikishika moto au chombo kikianza kuzama, mtunzaji anaweza kuikabidhi kwa yeyote aliye karibu ili iokoke, na hahesabiwi kuwa mkosaji. Breki ya dharura inayojifunga yenyewe pale kamera inapoona mtu mbele na mguu wa dereva haujasogea inaingia katika mwanya huo bila taabu, maana inatenda wakati ambapo mkono wa mtunzaji umekwisha kushindwa. Mfumo unaoshika usukani na mwendo kwa kilomita nyingi huku dereva akitulizwa hatua kwa hatua hauingii humo, kwa sababu haungoji moto. Hutengeneza mazingira ambayo mkono huondoka wenyewe, kisha humlaumu mwenye mkono. Mwanasaikolojia Lisanne Bainbridge aliuona mtego huu mwaka 1983, akizungumzia viwanda, alipoonyesha kwamba mtu aliyeondolewa kazi ya kila siku na kuachiwa kusimamia mashine hunyimwa mazoezi yaleyale anayotakiwa kuwa nayo mashine inaposhindwa. Kwa hiyo mifumo inayouzwa pamoja katika kifurushi kimoja, na ambayo mnunuzi huelezwa kana kwamba ni kitu kimoja cha kuaminiwa au kutoaminiwa, inatofautiana kimaadili hadi kufikia pande mbili zinazopingana, na dereva wa Sumbawanga anayezima ule wa kushika usukani na kuuacha ule wa breki ya dharura si mtu aliyekosa imani.

Linabaki suala la gari la ngazi za juu, ambalo halina dereva hata kidogo. Likifika Rukwa, hoja ya mtunzaji itabadilika kabisa, kwa kuwa abiria atakuwa ameweka amana yake moja kwa moja kwa aliyelitengeneza na aliyelimiliki, bila mtu wa kati, na idhini itakayohitajika itakuwa ya abiria mwenyewe, iliyotolewa kwa lugha anayoielewa na kwa kufahamu barabara ambayo gari hilo linaweza kuipita na ile ambayo haliwezi. Katika mteremko wa Muze idhini hiyo haijaombwa kutoka kwa anayepanda gari. Huombwa kwa anayelinunua.